Maswali ya Wasomaji: Maji ya Goma, Pompi na Kompyuta

Hii mwezi barua zimekuwa nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja. Mahali pengine duniani mtu anakaa kwenye kiti, anaona kwenye skrini tangi la kilimani limejaa mpaka wapi, pompi gani inazunguka, tuyo gani imepoteza nguvu, na anaweza kufungua ao kufunga vane bila kutoka ofisini. Wasomaji wa Goma wanauliza kama hiyo teknolojia inatuhusu sisi tunaolala kando ya ziwa na asubuhi tunaamka na bidoni mkononi. Inatuhusu sana. Barua zingine nimezifupisha, majina nimeyaacha.

Jambo Fundi. Naishi Ndosho, nafanya biashara ndogo na niko na watoto. Robine ya kwetu inaweza kaa siku nyingi bila kutoa hata tone, alafu siku moja maji inakuya saa nane ya usiku watu wote wamelala. Nasikia miji inaweka kompyuta ya kuongoza maji. Hiyo kompyuta itatuletea maji kweli ao ni maneno tu ya wakubwa? (Mama mfanyabiashara, Ndosho)

Mama, jambo. Nianze na lile gumu: kompyuta haizalishi maji. Kama pompi ni ndogo, kama umeme haupo, kama tuyo ni nyembamba kuliko idadi ya watu wanaoitegemea, unaweza kuweka skrini ukuta mzima na robine yako itabaki kavu. Inachofanya ni kuonyesha maji yako wapi, saa ngapi, na kwa nguvu gani, ili mwenye kuamua aamue mapema na aamue akiwa anajua.

Angalia mji wetu ulivyo. Goma haina mto unaopita katikati, mvua ikinyesha maji yanazama kwenye mawe ya volkano yanaenda zake, kwa hiyo mji unakunywa Ziwa Kivu. Ziwa liko kwenye mita kama 1,460 juu ya usawa wa bahari na mji unapanda kuelekea Nyiragongo, maana yake kila litri inayofika juu imesukumwa na mashine. Kupandisha mita kyubu moja, yaani bidoni 50 za litri 20, mpaka kimo cha mita 100, kunakula kilowati-saa 0.27 hata kama mashine isingepoteza kitu. Pompi na mota zinapoteza, tuseme ufanisi wa asilimia 60, basi unafika 0.45. Zidisha hiyo kwa mji mzima, kila siku. Mtu akizungumza maji ya Goma bila kuzungumza umeme bado hajaanza kuzungumza maji.

Sasa tangi liko juu kilimani, pompi iko chini kando ya ziwa. Kwa njia ya zamani kuna mtu juu anaangalia kipimo, anampigia mwenzake wa chini simu, "limejaa, zima," na kama mtandao umekatika ao simu imeisha moto tangi linafurika, maji yaliyokula umeme wote ule yanamwagika kwenye mawe, na Ndosho bado inangoja. Weka sensa ya kimo, yaani kifaa cha kupima maji yamefika wapi, ndani ya lile tangi na kisanduku kinachotuma namba chini kila dakika chache, hiyo hasara inaisha. Ni kitu kidogo, na ni cha kwanza ningekiomba.

Na hiyo ya maji kuja saa nane ya usiku iko na sababu. Mchana walio karibu na pompi wamefungua robine zao zote, nguvu ya maji inaishia njiani, na kila mita 10 za kupanda zinakula presha ya bari moja hivi (bari ni kipimo cha nguvu ya maji). Usiku wao wamefunga, nguvu inapanda, maji yanasogea mpaka kwenu. Kama kungekuwa na sensa ya presha mwisho wa tuyo yenu, ikiandika kila robo saa, baada ya mwezi mmoja karatasi ingeonyesha wazi kartie gani ilipata maji saa ngapi kwa wiki na kartie gani haikupata. Leo mnapolalamika mnaambiwa "tunawatumia maji," na hakuna mwenye namba ya kumjibu. Ukiwa na hiyo karatasi unaweza kudai zamu za kufungua vane zibadilishwe, na unaweza kudai ujumbe wa simu siku moja mbele, maji yanakuja Ndosho kesho saa kumi na mbili, wekeni bidoni. Kwa mama anayelipa mtu wa chukudu kumletea maji kutoka ziwani, huo ujumbe tayari ni pesa.

Fundi, mimi ni mwanafunzi wa umeme na mashine, Himbi. Kwenye intaneti kila kampuni inasema ninunue mfumo wake wote mzima mzima. Kama mji uko na pesa kidogo unaanza na nini? Na swali la darasani: kwa nini sensa nyingi zinatoa miliampea 4 mpaka 20, si 0 mpaka 20? (Mwanafunzi, Himbi)

Kijana, swali lako la pili ni zuri kuliko unavyofikiri, nianze nalo.

Chukua tangi la kimo cha mita 5. Sensa inatoa miliampea 4, umeme mdogo sana kwenye waya, likiwa tupu, 12 likiwa nusu, 20 likiwa limejaa. Sasa panya anakata waya. Namba inaanguka kwenye 0, na 0 si tangi tupu, 0 ni waya imekufa, mashine inajua tofauti na inapiga alamu. Ungetumia 0 mpaka 20, tangi tupu na waya iliyokatika vingefanana kabisa, otomati, ile kompyuta ndogo inayowasha na kuzima pompi, ingesema "tangi tupu, washa pompi," na pompi ingesukuma maji usiku kucha kwenye tangi lililokwisha kujaa. Zile miliampea 4 za chini ziko pale kwa ajili ya usiku ule. Ukielewa hilo umeelewa nusu ya hii kazi: kila kifaa kitaharibika siku moja, basi kipange ili kikiharibika kiseme kimeharibika.

Kuhusu kuanza: pima kwanza, kuamuru kutakuja baadaye. Naona watu wanakimbilia kununua vane za mota na skrini kubwa wakati hawajui hata pompi yao inatoa mita kyubu ngapi kwa saa. Mimi ningeanza na umeme na saa za kazi za kila pompi, kwa sababu hiyo inapatikana kwa bei ndogo na inakuambia mengi (pompi inayokula umeme uleule na kutoa maji kidogo zaidi kila mwezi imechoka ndani, ama kuna kitu kimeziba). Alafu kimo cha matangi. Alafu mita ya kupima mtiririko kwenye tuyo inayotoka kwenye pompi na ile inayotoka kwenye tangi. Alafu presha kwenye ncha za mji. Ukiwa na hivyo vinne na umekaa navyo muda wa kutosha kujua siku ya kawaida inafananaje, hapo ndipo uanze kufikiria kuwasha na kuzima kutoka mbali.

Sensa ya kimo ziko za aina mbili utakazokutana nazo sana. Kuna ile inayopiga sauti kutoka juu na kusikiliza inavyorudi, haigusi maji, lakini ndani ya tangi lililofungwa mvuke unaganda kwenye uso wake na namba zinaanza kuruka. Kuna ile inayozamishwa mpaka chini na kupima uzito wa maji yaliyo juu yake, ni rahisi, ni sugu, shida yake ni kwamba iko na kebo ndefu, na kebo ndefu juu ya kilima ni mwaliko kwa radi.

Na radi kwetu si mambo ya kuchezea. Watafiti walipohesabu radi za dunia nzima kwa setilaiti na kuchapisha mwaka 2016, mahali pa kwanza Afrika palikuwa Kabare, pale Kivu ya Kusini, radi kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, na ulimwenguni kote ni Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake lililopita hapo. Sisi tuko kwenye ukanda uleule. Kwa hiyo mfumo uliochorwa Ulaya ukaletwa hapa jinsi ulivyo utaungua msimu wa kwanza wa mvua. Unahitaji vizuia radi kwenye waya za umeme, kwenye waya za sensa na kwenye antena, vyote vitatu, na unahitaji waya ya tere iliyo nzuri, ile inayoshusha umeme ardhini. Hapo tena Goma iko na ugumu wake, mawe ya lava hayapitishi umeme vizuri, ukipiga nondo moja ya shaba kwenye jiwe umejidanganya. Inabidi kutandika waya ndefu ya shaba kuzunguka jengo, kutafuta udongo, kuongeza udongo, na kupima kila mwaka.

Kisanduku cha juu kiwe na betri na paneli ndogo ya jua, kwa sababu wakati umeme umekatika ndio wakati unataka kujua tangi limebaki na nini. Kiwe na kumbukumbu yake ya ndani, kikiandika namba pamoja na saa, ili mtandao wa simu ukianguka siku mbili zisipotee namba za siku mbili. Na jambo hili lisisahaulike: otomati ya pompi isitegemee mtandao ili iwe salama. Kinga ya pompi kukauka, kinga ya presha kupita kiasi, boya la tangi kujaa, hizo zikae palepale kwenye waya. Mkataba useme kwa maandishi, kama habari ya tangi haijafika dakika kadhaa, pompi inafanya nini, inasimama ao inaendelea mpaka muda fulani. Nimeona mipango mizuri sana ambayo swali hilo halikuulizwa.

Kuhusu kununua kila kitu kwa kampuni moja, tafuta vifaa vinavyozungumza lugha iliyo wazi. Modbus iko tangu 1979 na mpaka leo pompi, mita na otomati za watengenezaji wengi zinaielewa. Si ya kisasa, haina ulinzi ndani yake, lakini ukiharibikiwa kifaa kimoja unaweza kununua cha mwingine.

Mtoto wangu, nimefanya kazi ya pompi maisha yangu yote, sasa nimepumzika. Nilikuwa najua pompi inaumwa kwa kuisikia tu. Mnaleta mashine, vijana watafukuzwa kazi, na siku mashine imekufa nani atajua kufungua vane? (Mzee wa pompi, Katindo)

Papa, heshima yangu kwako, na woga wako ni wa haki.

Pompi inapokunywa hewa ao maji yanapochemka ndani yake kwa kukosa presha upande wa kuvuta, inatoa sauti kama changarawe inasagwa, na fundi aliyezoea anaisikia kutoka mlangoni kabla sindano yoyote haijasogea. Kuna sensa za mtikisiko zinazofanya hivyo leo, lakini mtu ndiye anaziambia mtikisiko gani ni wa kawaida kwa pompi ile, na huyo mtu ni wewe na wenzako. Nikipewa nafasi kwenye mradi wa namna hii, kabla ya kuweka kifaa chochote ningekaa na wazee wa zamu na daftari, kuandika kila vane iko wapi, inafungwa kwa mizunguko mingapi, ipi inakwama, ipi haipaswi kuguswa pompi fulani ikiwa inazunguka. Mara nyingi hiyo ramani iko kwenye vichwa vya watu watatu wanne, na wakiondoka imeondoka.

Kila mota ibaki na kitufe cha nafasi tatu: mkono, zimwa, otomati. Kila vane ya mota ibaki na gurudumu la kuzungushwa na mtu. Na zamu za mazoezi ziwepo, siku inapangwa kompyuta inazimwa makusudi na mji unaendeshwa kwa mikono, ili vijana wasisahau.

Kuna hatari nyingine Papa utaielewa haraka kuliko wenye digrii. Kijana ofisini anabonyeza na vane inafunga kwa sekunde tatu. Maji ndani ya tuyo ya chuma yanakuja na mwendo wa mita 1 kwa sekunde, yakisimamishwa ghafla presha inaruka bari 10 hivi juu ya ile iliyokuwepo, tuyo ya zamani inapasuka, na yule kijana hajasikia kitu. Wewe ulikuwa unafunga polepole kwa sababu mikono ilikuwa inahisi. Basi mashine ipewe huo upole: mota za vane ziwe na mwendo wa taratibu, pompi ziwashwe na kuzimwa kwa kupanda na kushuka pole pole, na kwa siku umeme unapokatika ghafla, kwa sababu hapo hakuna programu ya kusaidia, kuwe na tangi la hewa la kumeza lile pigo.

Kuhusu kazi, kweli kazi zingine zitabadilika. Lakini fikiria Januari 2025, vita ilipofika mjini, umeme ukakatika, pompi zikasimama, watu wakarudi ziwani na bidoni, na kutembea kwenda kuangalia tangi ilikuwa ni kuweka maisha yako hatarini. Siku kama zile namba inayokuja yenyewe kutoka kilimani inamwacha baba wa mtu nyumbani.

Fundi, wanasema maji mengi inapotea njiani kabla ya kufika. Mimi ni shefu wa avenyu, natembea kila siku, sioni maji inamwagika popote. Inaenda wapi? (Shefu wa avenyu, Majengo)

Shefu, hapo umegusa kitu ambacho kinafanya Goma iwe tofauti na miji mingine. Mji ulio juu ya udongo wa mfinyanzi, tuyo ikipasuka barabara inalowa, watoto wanacheza, mtu anapiga simu. Kwetu lava iko na matundu na nyufa, tuyo inaweza kutoa maji mwaka mzima chini ya miguu yako na juu pakabaki vumbi. Macho yako hayawezi kukusaidia, kwa hiyo mita za kupima maji zinahitajika hapa kuliko kwingine.

Njia yenyewe: unagawa mji kwa vipande, kila kipande kinaingiwa na tuyo moja ao mbili zinazojulikana, unaweka mita pale yanapoingia, unajumlisha mita za nyumba na za bomba za jumuiya, tofauti ndiyo maji yaliyopotea, yawe yamevuja ao yamechukuliwa na mtu aliyejiunganisha mwenyewe. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia uliotoka kwenye vita na mauaji, mwaka 1993 ulikuwa unapoteza asilimia 72 ya maji yake, na kufikia mwaka 2008 hivi ulikuwa umeshusha mpaka kama asilimia 6. Walifanya hivyo kwa mita kwa kila mtu wakiwemo wakubwa, kwa kugawa vipande, kwa timu za kuziba tuyo zinazotoka saa yoyote, na kwa uongozi ambao haukuogopa kukatia maji mwenye cheo asiyelipa. Namba hiyo naipenda kwa sababu pale hakukuwa na utajiri.

Lakini kuna mtego. Vitabu vinasema angalia mtiririko usiku kati ya saa nane na saa kumi, watu wamelala, kinachopita ni uvujaji. Kwetu haifanyi kazi hivyo, usiku ndio watu wanajaza matangi yao, mama wa Ndosho ametuambia hapo juu. Kwa hiyo fanya jaribio la tangi: tangazia kartie, simamisha maji yanayoingia kwenye tangi, funga njia za kutoka zote isipokuwa ile ya kipande unachopima, funga robine za kipande kile kwa saa mbili, na angalia sensa ya kimo inashuka kiasi gani. Mashefu wa avenyu ndio watu wa kufanikisha jambo kama hilo, fundi peke yake hawezi kuwafungia watu robine.

Alafu kuna volkano yenyewe. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na tarehe 22 Mei 2021 ilisimama pembeni ya mji upande wa Buhene, lakini ilikuwa imekata tuyo na kuharibu tangi kubwa, na watu karibu nusu milioni wakabaki bila maji safi. Tuyo zetu nyingi hazizikwi chini kwa sababu mwamba ni mgumu, zinakanyagwa, zinagongwa na magari. Mfumo wa kuangalia maji hapa lazima uweze kusema ndani ya dakika chache presha imeanguka kati ya wapi na wapi, na vane za kufunga kipande hicho ziwe mahali ambapo lava haiko kwenye njia yake.

Jambo. Ni muuguzi kwenye kituo cha afya. Kila mara kolera inarudi. Je hizo mashine zinaweza kutuambia maji ni safi? (Muuguzi, Kyeshero)

Dada, zinaweza kusema sehemu, na sehemu hiyo ni muhimu. Hakuna sensa ya bei ya kawaida inayokaa ndani ya tuyo na kusema "hapa kuna kolera." Kinachopimwa bila kusimama ni klorini iliyobaki, ukungu wa maji, na pH, yaani kipimo cha ukali wa maji, kama yako upande wa asidi ao wa magadi. Shirika la Afya Duniani, ile OMS, linataka klorini huru isiyopungua miligramu 0.5 kwa litri baada ya nusu saa maji yakiwa na pH chini ya 8, na isishuke chini ya 0.2 pale mtu anapochotea.

Tazama hilo neno, pH chini ya 8. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yako karibu na 9. Klorini ndani ya maji inagawanyika kuwa sura mbili, moja inaua vijidudu haraka, nyingine inaua polepole sana. Kwenye pH 7.5 zinakaribia nusu kwa nusu, kwenye pH 9 ile kali inabaki kama sehemu 3 tu kwa 100. Kwa hiyo namba ileile ya klorini ambayo ingetosha mji mwingine, kwetu inahitaji muda mrefu zaidi ndani ya tangi kabla ya maji kutoka. Na kuna zaidi: sensa nyingi za klorini zinapima ile sura kali peke yake, ukiiweka kwenye maji ya Kivu bila sensa ya pH ya kuisahihisha inasoma chini, mtu anaongeza dawa bila sababu, maji yananuka, watu wanayakimbia wanarudi ziwani. Kila siku mtu achukue kikopo, atie kidonge cha DPD, aone rangi ya waridi, alinganishe na namba ya mashine.

Lakini kama ningeambiwa niweke sensa moja tu kwa ajili ya kolera, ningeweka ya presha. Tuyo ikiwa imejaa na iko na nguvu, uchafu hauwezi kuingia, maji yanasukuma kwenda nje. Tuyo ikikaa tupu, pale penye tundu panavuta, na kama tundu liko karibu na shimo la choo ao mtaro, maji yakirudi yanafagia uchafu huo na kuupeleka kwenye bidoni ya kwanza ya asubuhi. Mji huu unajua gharama yake, Julai 1994 kolera iliua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi hapa hapa. Ningependa kituo chako kipokee ujumbe kila mara presha ya kartie yako inapoanguka, saa ileile mafundi wanapoupokea, ili muanze kuwaambia watu watie dawa kwenye maji ya kunywa kabla wagonjwa hawajafika. Haigharimu kitu cha ziada, ni kuongeza namba ya simu kwenye orodha.

Kaka Fundi, wadukuzi wakiingia kwenye mashine za maji itakuwaje? (Kijana wa Birere)

Ilishatokea. Mwaka 2000 huko Maroochy, Australia, mtu aliyekuwa amefanya kazi na kampuni iliyoweka mitambo alikosa kazi aliyoitaka, akatumia redio na kompyuta yake kuamuru pompi za maji machafu, na litri kama 800,000 za uchafu zikamwagika kwenye bustani na mito. Novemba 2023 huko Aliquippa, Pennsylvania, wadukuzi waliingia kwenye kifaa cha kituo kimoja cha kuongeza presha, wafanyakazi wakazima na kuendesha kwa mikono. Vifaa vya namna ile vilikuwa vimeunganishwa moja kwa moja na intaneti vikiwa na nywila ya kiwandani, 1111.

Basi kinga kubwa hazihitaji fedha nyingi: badilisha nywila zote, usiweke otomati wazi kwenye intaneti, mtu akiacha kazi ruhusa zake zifutwe siku hiyohiyo, na zile kinga za waya nilizosema kwa mwanafunzi zibaki ili hata mwenye kuingia asiweze kupasua tuyo. Na gurudumu la mkono la yule Papa.

Kwenye kartie yetu tuko na kamati ya maji. Tunaambiwa msaada unaweza kuja wa kuweka hiyo mitambo. Tuulize nini tusidanganywe? (Kamati ya maji, Mugunga)

Ulizeni kwanza namba zitakuwa za nani. Tangu sheria ya maji ya 2015 kazi hii haiko tena ya REGIDESO, kampuni ya maji ya serikali, peke yake, mikoa na watu binafsi wanaweza kuingia, na kwenye mji mmoja unaweza kukuta wagawaji kadhaa wa maji, kila mmoja na mashine zake zisizoelewana. Daini namba ziwe kwenye sura ambayo mwingine anaweza kuisoma, na daini kamati ioneshwe saa za maji na klorini za kartie yenu kila wiki, zibandikwe pale bomba la jumuiya ambapo kila anayechota anaona.

Ulizeni programu ya otomati na nywila zake zitabaki kwa nani. Kuna mahali mtoaji aliondoka nazo, na miaka ilipopita kubadilisha kitu kidogo kama kimo cha kuwasha pompi ilikuwa ni kumlipia mtu tiketi ya ndege. Iandikwe kwenye mkataba kwamba nakala inabaki Goma, pamoja na michoro ya waya, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

Ulizeni vipuri. Sensa ngapi za akiba, ziko kwenye stoo gani, ufunguo kwa nani. Ulizeni watakaofundishwa ni akina nani na kama ni vijana wa hapa. Na ulizeni lile ambalo mipango mingi hailiandiki: mradi ukiisha, nani atalipa mega za intaneti za kila kisanduku, nani atabadilisha betri zikichoka baada ya miaka mitatu minne, na pesa hiyo itatoka kwenye bei ya bidoni ao wapi. Kama mtu aliyekuja na mradi anajibu hilo kwa namba, karatasi mkononi, kaeni naye mezani.